Inama Uchague

Ukitaka kununua kitabu kwenye barabara ya Tom Mboya, lazima kwanza uiname. Ndiyo maana tunaziita inama. Hakuna rafu wala kiyoyozi, na hakuna mtu wa kukuuliza akusaidie vipi. Kuna nailoni iliyotandazwa kando ya njia, vitabu vimepangwa migongo juu ama vimemwagwa tu, na muuzaji ameketi juu ya kreti ya soda akisoma gazeti la jana. Watu wanapita nyuma yako wakikugonga na mabegi, makanga anaita abiria wa Githurai, na wewe umeinama. Dakika ishirini zikiisha kiuno kinalalamika na bado hujanunua kitu.

Nimekuwa nikiinama hivyo karibu kila Jumamosi kwa miaka mitano. Tunaopenda hizi inama tuna tabia ya kuziandikia barua za mapenzi: harufu ya karatasi kuukuu, bei ya kutupa, bahati ya kuokota johari kwa soo moja. Mimi pia nimewahi kuandika barua kama hiyo. Lakini nikizidi kulichakura rundo naona linasema jambo kutuhusu ambalo si la mapenzi sana, hasa ukitafuta humo kitabu cha Kiswahili.

Nianze na raha, kwa sababu ni ya kweli.

Duka la mtandaoni linakujua. Ukisoma hadithi moja ya upelelezi linakuletea ishirini zingine zinazofanana nayo, mpaka unaona ni kama dunia nzima inaandika upelelezi tu. Rundo la inama halikujui na halina haja na wewe. Mwezi uliopita, kwenye nailoni moja karibu na jengo la Archives, nilikuta mwongozo wa kutumia Windows 98, kitabu cha kufuga nguruwe kilichochapishwa Uingereza, Sidney Sheldon watatu, Danielle Steel asiye na jalada, Biblia ya watoto, na historia nene ya reli za India. Hakuna mtu aliyeamua vitu hivyo vikae pamoja. Nilienda nikitafuta tamthilia nikarudi nyumbani na reli za India, na nilizisoma zote, maze, mpaka faharasa.

Halafu kuna bei. Huwa tunasifu bei rahisi kwa sababu inatuachia nauli, lakini kazi yake kubwa ni nyingine: inakupa ruhusa ya kukosea. Kama kitabu ni mia nane na wewe umesota, utanunua tu kile ambacho kila mtu amekisifu, kwa sababu huwezi kuhatarisha mia nane. Utasoma kile ambacho wengine walishaamua ni kizuri. Kwa hamsini bob unaweza kujaribu mwandishi usiyemjua kabisa, ukamchukia, ukamrudisha Jumamosi inayofuata na kuongeza finje upate mwingine. Sijui njia nyingine ya mtu kupata ladha yake mwenyewe isipokuwa kukosea mara nyingi, na maskini huwa hawana pesa za kukosea. Inama ndiyo ilinipa nafasi hiyo.

Na kuna alama za waliotangulia. Kitabu cha inama kimewahi kuwa cha mtu. Nina riwaya ambayo ndani yake imeandikwa kwa wino wa buluu kwamba ni zawadi ya Krismasi ya 1987 kwa Margaret, na Margaret, popote alipo, alifika ukurasa wa 40, akakunja kona na asiendelee. Nina *A Grain of Wheat* ya Ngũgĩ wa Thiong'o yenye muhuri wa maktaba ya shule moja ya Uingereza. Hebu fikiria safari yake. Hadithi ya mwanamume wa Limuru kuhusu kijiji cha Kikuyu na uhuru wetu, Heinemann wanaichapisha London mwaka wa 1967, shule ya huko inainunua, watoto wa huko wanaisoma, maktaba inaitupa, inapakiwa kwenye shehena na kurudi Nairobi kuuzwa kwa mia na hamsini, mwendo wa saa moja hivi kutoka ilikotoka. Nilicheka niliponunua. Baadaye nilianza kuwaza kwamba bila hao watoto wa Uingereza labda nisingeipata hiyo nakala. Wazo hilo sikulimaliza siku hiyo.

Ukweli ni kwamba nilianza kuijua inama kwa kuuza.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo. Karo ilikuwa imenishinda kwa mihula miwili, na keyateka wa bedsita niliyokuwa nakaa alikuwa ameanza kunisalimia kwa sauti ya juu sana. Nilibeba vitabu vyangu kumi na kimoja kwenye begi nikaenda tao. Mzee mmoja kwenye Moi Avenue alivipindua kimoja kimoja bila kuvifungua.

"Hivi vya chuo haviendi, kijana wangu," akasema. "Ungeniletea vya sekondari tungeongea."

"Lakini mzee, hiki nilinunua elfu mbili."

"Uliyempa elfu mbili si mimi."

Alinipa mia sita kwa vyote. Mwezi huo huo niliacha chuo, na sijarudi. Nataja hili kwa sababu maneno yake, kwamba vya sekondari ndivyo vinaenda, yalinikaa kichwani, na ilinichukua muda mrefu kuelewa yana maana gani.

Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ile ambayo vijana wengi wa Nairobi wanaijua na hawaisemi mbele ya wazazi: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Ulikuwa unapewa mada saa mbili usiku, unatoa kurasa sita kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, unalipwa kwa ukurasa. Nilikuwa nimeshindwa kumaliza digrii yangu, na huku nikiwasaidia watu kumaliza zao. Insha zangu bora za miaka hiyo zina majina ya watu wengine juu yake.

Ni wakati huo nilipookota *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora kwa hamsini bob.

Sisi tuliofanya KCSE 2016 tunakijua hicho kitabu kama namba ya kitambulisho. Nilikisoma shuleni labda mara nne, na naweza kuapa kwamba sikukisoma hata mara moja. Tulikisoma kwa mwongozo. Mwongozo ulikuwa na muhtasari wa kila sura, orodha ya maudhui, orodha ya wahusika na sifa zao, orodha ya mbinu, na maswali yenye majibu. Ukiwa na mwongozo, riwaya yenyewe ilikuwa kama ganda la ndizi. Eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Fafanua sifa za Mwalimu Majisifu, alama sita: ni mlevi, ni mwizi, ni mwenye majuto, endelea hivyo.

Nakala niliyoinunua ilikuwa imepita mikononi mwa angalau wanafunzi watatu, kwa sababu kulikuwa na miandiko mitatu. Kalamu nyekundu, buluu, na penseli. Wote watatu walikuwa wamepigia mstari sentensi zile zile. Pembeni wote walikuwa wameandika tashbihi, jazanda, sadfa, kinaya, mahali pale pale. Ni kama mtu mmoja aliyesoma mara tatu na kila mara akafikia jibu lile lile. Nililinganisha na Margaret wa 1987, ambaye hakumaliza kitabu lakini kuchoka kwake kulikuwa kwake mwenyewe.

Nilisoma usiku kucha nikisubiri mada ya insha itumwe. Na pale ambapo sisi tuliandika "ni mwizi, alama moja", nilikutana na jambo lililonifanya niweke kitabu chini. Majisifu anasifika kama mwandishi kwa mswada ambao si wake. Aliuandika Amani, kijana aliyekuja Sokomoko na kuajiriwa kuchunga ng'ombe wa Mtemi, ndugu yake huyo Majisifu. Yaani katika nyumba moja kuna mtu anayesifiwa kwa maneno, na huko zizini kuna kijana aliyeyaandika ananuka samadi. Shuleni hilo lilikuwa jibu la swali la wizi. Nikiwa na miaka ishirini na mbili, laptopu imefunguliwa kwenye insha ya mtu wa Marekani kuhusu maadili ya kazi, lilikuwa maisha yangu. Tofauti ni kwamba Amani aliibiwa. Mimi nilikuwa nauza.

Niliacha hiyo kazi miezi kadhaa baadaye. Sitasema kitabu ndicho kiliniachisha, kwa sababu hata malipo yalikuwa yameshuka. Lakini nilijua tayari kwamba Walibora aliandika riwaya nzuri kuliko ile waliyotufundisha, na kwamba ilikuwa pale wakati wote, chini ya mwongozo.

Kwa hivyo nikaanza kutafuta Kiswahili kingine. Na hapa ndipo raha ya inama inakwama.

Jaribu mwenyewe Jumamosi ijayo. Uliza vitabu vya Kiswahili. Muuzaji atakuonyesha kona, huwa kuna kona, na ndani yake utakuta *Kidagaa*, *Chozi la Heri*, *Kigogo*, *Tumbo Lisiloshiba*, *Damu Nyeusi*, *Mstahiki Meya*, na miongozo ya vyote hivyo, mingi kuliko vitabu vyenyewe. Chini kabisa labda *Utengano* au *Siku Njema* iliyochakaa, kutoka enzi ambazo hivyo navyo vilikuwa vya mtihani. Halafu kamusi, halafu vitabu vya mazoezi. Yale tuliyosema kuhusu rundo, kwamba halikujui, kwamba hakuna aliyelipanga, hapa si kweli. Kona ya Kiswahili imepangwa na Wizara. Ukiinama pale bado uko darasani.

Mzee wa Moi Avenue, ambaye sasa hunisalimia, alinieleza biashara yake bila kuzunguka. "Kiswahili ni Januari," alisema. "Januari na Mei, watoto wakirudi shule. Wakibadilisha setibuku, hii yote uliyoinamia ni karatasi ya kufungia njugu."

Watu watakwambia sababu ni kwamba Wakenya hawapendi kusoma Kiswahili. Kiswahili cha vitabu ni kigumu, wanasema, na marafiki zangu wanaosema hivyo ndio hao hao wanaoweza kukaa saa tatu kwenye simu wakifuatilia ugomvi wa watu wa Bongo, neno kwa neno, na mafumbo yote. Nadhani kiligeuka kigumu kwa sababu tulikutana nacho kikiwa kimebeba alama. Mtu ambaye kila sentensi nzuri aliyowahi kusoma ilifuatwa na swali, akifunga mtihani atafunga na kitabu.

Lakini kuna sababu nyingine iliyo ya kawaida zaidi, na ndiyo rundo lilinifundisha. Mtumba ni ushahidi. Shati la mtumba la Gikomba linathibitisha kwamba kuna mtu mahali fulani alilinunua likiwa jipya. Vivyo hivyo kitabu. Sidney Sheldon amejaa Tom Mboya kwa sababu mamilioni ya watu walimnunua dukani, wakamsoma kwenye ndege, wakamtupa. *A Grain of Wheat* ilinifikia kwa sababu maktaba ya shule ya mbali iliilipia mara ya kwanza. Inama haiwezi kuwa na kitu ambacho hakikununuliwa na mtu kabla. Na huku kwetu kitabu cha Kiswahili hununuliwa kikiwa kipya kwa sababu moja tu, kwamba mtoto atakifanyia mtihani. Basi kinachorudi mtaani ni hicho. Hiyo kona ni risiti zetu.

Na haikuwa hivi siku zote. Miaka miwili iliyopita, siku ya mvua, muuzaji akivuta nailoni kufunika mali yake, niliona kijitabu chembamba kisicho na jalada la nyuma. *Kichwamaji*, Euphrase Kezilahabi. Nilimjua Kezilahabi kwa jina tu, Mtanzania wa Ukerewe aliyefariki 2020. Niliuliza bei.

"Mia tatu."

"Mia tatu? Na hakina jalada? Grisham hapa ni soo."

"Grisham kesho nitapata kumi. Hicho ni cha kitambo, hakipatikani. Ukiacha utajuta."

Nililipa mia tatu na nikatembea mpaka nyumbani kwa sababu hiyo ilikuwa nauli.

Kichwamaji kinamfuata Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao likizo na kugundua kwamba elimu imemtenga na watu wake, na yeye mwenyewe haiamini tena. Watu wa kijijini wanamtazama kama mtu aliyefika mahali. Yeye anajua hajafika popote. Huyo jamaa hafariji. Hakuna methali ya kumfunga, hakuna funzo la kuandika ubaoni. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba walio chuoni wana kitu ambacho mimi nilikikosa, na hapa kulikuwa na mtu aliyekuwa nacho mkononi akiniambia, kwa Kiswahili cha sentensi fupi kabisa, kwamba ndani yake kuna shimo. Sikukubaliana naye. Bado ningerudi chuo kesho kama karo ingelipwa. Lakini kwa mara ya kwanza nilibishana na kitabu cha Kiswahili badala ya kukijibia maswali, na hiyo nilikuwa sijawahi.

Kilichonishtua zaidi kilikuwa ukurasa wa mbele. East African Publishing House, Nairobi, 1974. Kumbe kilichapishwa hapa hapa. Nikaenda kutafuta zaidi. *Rosa Mistika*, 1971, na *Dunia Uwanja wa Fujo*, 1975, zote zilitolewa na East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa 1948 na makao yake yakiwa Nairobi. Mwandishi wa Ukerewe alitoa riwaya zake ngumu, za mashaka na hasira, katika mji huu tunaoambiwa haujui Kiswahili. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika hilo la pamoja nalo likaenda na maji, na kadiri miaka ilivyopita wachapishaji wakaegemea kule kuliko na uhakika wa pesa, yaani shule. Siwalaumu sana. Shule inanunua kwa maelfu, mimi nanunua kimoja na naomba kupunguziwa. Juu ya hayo, Sheria ya VAT ya 2013 ikaviwekea vitabu ushuru wa asilimia 16, na anayenunua riwaya kwa raha yake akaongezewa mzigo pale pale alipokuwa anasitasita.

Sasa nirudi kwenye ile barua ya mapenzi. Kwa miaka mitano nimejiita mpenzi wa fasihi ya Kiswahili, na katika miaka hiyo mitano sikuwa nimemlipa mwandishi wa Kiswahili hata senti moja. Mia tatu za Kichwamaji zilienda kwa muuzaji, na alizistahili. Alikaa kwenye mvua. Zile hamsini za *Kidagaa* vilevile. Wakati huo huo mimi ni mwandishi wa kujitegemea, nalalamika kila mwezi kwamba hakuna anayelipia maneno yangu. Nilitaka wengine wanunue kipya ili mimi nikiokote kikiwa cha zamani. Nilitaka kuwe na Margaret wa Kiswahili mahali fulani, na sikutaka kuwa yeye.

Kuna watakaosema suluhu ni pdf, kila kitu kiko kwenye kikundi cha Telegram. Nimesoma hizo pdf pia, sina utakatifu. Lakini pdf haitakukuta ukipita kwenda kuchukua matatu. Lazima uwe tayari unajua unachotafuta ndipo uitafute, na raha yote niliyoieleza hapa ni ya kukuta usichotafuta.

Kwa hivyo mwezi wa pili mwaka huu nilifanya kitu kidogo. Malipo ya makala yaliingia, nikaingia duka la vitabu vipya, lile lenye rafu na kiyoyozi, nikauliza riwaya za Kiswahili ambazo hazitahiniwi. Dada wa kaunta aliniangalia.

"Ni za kidato gani?"

"Hapana, ni zangu tu."

Alinipeleka nyuma, karibu na kadi za pongezi. Zilikuwa kama tisa hivi, kwenye rafu moja. Nilichagua ya mwandishi ambaye sikuwa nimesikia jina lake. Mia saba. Sikuomba kupunguziwa, na iliniuma, maana kwa pesa hizo ningeinama na kuinuka na saba.

Riwaya yenyewe ni ya wastani. Katikati inalala, na mwandishi anapenda sana ndoto. Nilibishana nayo pembezoni kwa penseli, na hakuna mahali nilipoandika tashbihi. Nikimaliza mara ya pili nitaipeleka Moi Avenue. Nimeshamwambia mzee asiiweke kwenye kona. Aiweke katikati, hapo kwa Grisham na nguruwe, mtu aikute.

Alisema atajaribu, lakini akaniuliza kama inatoka kwenye mtihani.